Sufuri za Jumapili

Mtu asikudanganye kwamba nilirudi nyumbani kumtunza baba. Nilirudi kwa sababu mume wangu, fundi wa vizimba vya kuku pale Isebania, alivuka mpaka kwenda Sirare kubadilisha pesa akabadilisha na mke. Mwezi wa kwanza nilimngoja, wa pili nikamtukana, wa tatu nikafunga mizigo: koleo mbili, roli moja ya waya wa kuku na nguo chache. Ndivyo mimi Jerusha, binti Elkana, nilivyorudi kwetu nikiwa na miaka thelathini na sita. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, mvua ndefu ndiyo kwanza zinaanza.

Kwetu ni kando ya Mto Kuja, chini ya pale unapokutana na Mto Migori, mahali maji yanapopunguza mwendo kabla ya kuingia ziwani. Baba alikuwa msukaji wa migono. Kwa asiyeujua, mgono ni mtego wa matete uliosukwa kama kibuyu kirefu. Mdomoni mwake mna koo, yaani faneli ya matete yaliyochongwa kuelekea ndani. Samaki anaingia akijiona mgeni wa heshima. Akitaka kutoka, anakutana na ncha. Nyuma kuna mkia uliofungwa kwa kamba ya katani, na huko ndiko samaki wanakotolewa. Ukanda wetu wote ulitumia migono ya Elkana.

Mama yangu, Mellen, alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya kurudi kwangu. Nilimkuta baba amekuwa mtu wa maneno machache sana, yeye aliyekuwa akibishana hata na jogoo. Alikula akipewa. Alijibu akiulizwa. Kilichokuwa kikimtoa kitandani ni migono tu, maana matete huoza haraka, na mmoja ukioza sharti asuke mwingine. Nililiona hilo wiki ya kwanza nikalishukuru. Mradi kuna mgono wa kusuka, nilijiambia, baba ataamka.

Lakini mimi sikuumbwa kukaa bure. Nilichukua fito nikatengeneza fremu, nikaivika waya wa kuku, nikaiwekea midomo miwili badala ya mmoja, na koo za waya nilizozikaza kwa koleo mpaka ng'ombe asingeweza kuzing'oa. Baba aliuzunguka mgono wangu mara mbili.

"Nyara," akasema, maana hivyo ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita binti, "hicho ni kizimba. Unangoja samaki watage?"

Kesho yake nilirudi na samaki watano aina ya ngege. Niliwaweka mbele ya miguu yake bila kusema neno, jambo ambalo kwangu ni muujiza. Baba aliwatazama, akasema "Kuku wako wamenona," kisha akarudi kwenye matete yake. Niliona amekaribia kucheka. Kwa ajili ya hicho kicheko tu nikatengeneza mingine tisa.

Habari ya waya ilimfikia Mochama. Huyu alikuwa kijana Mkisii wa mradi mmoja wa samaki, ofisi yao ikiwa Homa Bay, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na buti zisizoingia maji. Hakujua Kijaluo, nasi hatukujua Kikisii, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Alikuja na mizani na daftari, akaketi na baba uani.

"Mzee, shida ni hii," akasema. "Mitego imekuwa mingi kwa mto na samaki imepungua. Ofisi inataka tubaki na aina moja tu huu upande wote. Sasa tunapima. Wiki sita. Kumi yako ya matete, kumi ya huyu mama ya waya. Ile itashinda ndiyo itabaki. Ile ingine inatoka kwa maji kabisa."

"Kabisa?" nikauliza.

"Kabisa, mama."

Nilimtazama baba. Alikuwa akipasua tete, wala kisu hakikusimama. "Sawa," akasema. "Lakini yangu naopoa mwenyewe. Mgono unaopolewa na mkono ule uliusuka."

Mochama akakubali. Kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tungeopoa alfajiri, yeye akiwa nasi mtumbwini na daftari lake. Jumamosi hakuna, maana sisi ni Waadventista, na Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama, haiguswi. Jumapili Mochama angekuwa kwao, kwa hiyo mimi ndiye ningeandika. Kila samaki angehesabiwa, hata mumi, ambaye sisi hatumli kwa kuwa hana magamba. Mochama, ambaye kanisa lake halimkatazi, aliwabeba mumi wote kwa moyo mkunjufu.

Nikiri ukweli: mwanzoni nilitaka kushinda. Mwanamume alikuwa ameniacha kama kiatu kilichobana, na nilitamani kitu kimoja duniani kiseme Jerusha ameweza. Siku za wiki tulikuwa sako kwa bako. Baba kumi, mimi tisa. Mimi kumi na moja, baba kumi. Mgono wangu wa waya haukuoza wala haukuogopa kiboko, lakini samaki wake walitoka wamechubuka pua kwa kuhangaika na waya. Wa baba walitoka wazima, wanang'aa, wamekasirika tu. Mochama aliandika yote hayo akitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayesikiliza kwaya.

Jumapili ndizo zilizoharibu mambo. Migono ya baba ilikuwa nyuma ya kona, ng'ambo ya mafunjo, hatukuweza kuonana. Alitangulia daima. Mimi nikifika nasikia sauti yake juu ya maji.

"Jerusha! Andika!"

"Ngapi, Baba?"

"Sufuri."

Nami kwa upande wangu nilikuwa natoa ishirini, ishirini na mbili. Jumapili ya kwanza nilicheka. Ya pili nikamtania, nikamwambia matete yake yanasinzia kanisani. Ya tatu kalamu ilikuwa nzito mkononi. Mochama naye alipolisoma daftari alipata maelezo yake. Matete ni dhaifu, alisema. Samaki akiachwa ndani usiku mmoja anabaki, akiachwa usiku mbili anapenya na kwenda zake. Waya unamshika. Akaandika: mgono wa matete hauhifadhi samaki. Baba alisikia sentensi hiyo ikisomwa, akaitikia kwa kichwa tu.

Wiki ya sita nilimkuta uani saa nne ya asubuhi, matete mapajani, kisu mkononi, na hakuna hata tete moja lililopasuliwa. Nilipita na ndoo kwenda kisimani, nikarudi, bado alikuwa hivyo hivyo.

"Husuki leo, Baba?"

"Nisuke ya nini? Wiki ijayo inatolewa kwa maji."

Kesho yake hakuamka mpaka jua lilipopanda, Mochama akimngoja mtumbwini. Nilikwenda nikasimama mlangoni kwake nikisikiliza kama anapumua. Nasema wazi: niliogopa. Niliuchukia kila mgono nilioutengeneza, nikamchukia Mochama na kalamu zake tatu, na mume wangu pia, ingawa safari hiyo hakuwa na kosa.

Basi Ijumaa ya mwisho nikafanya jambo ambalo mama angenichapa kwalo. Mochama alikuwa ameondoka adhuhuri kwenda Homa Bay. Nilipika chakula cha Sabato mapema, nikachukua ndoo, na saa tisa nilikuwa mtoni. Katika migono yangu walikuwa wamekwisha kuingia wanne: ngege watatu na ningu mmoja mkubwa mwenye mkia uliopasuka katikati. Niliwatia ndooni na maji yao, nikazunguka ile kona, nikafungua mikia ya migono minne ya baba na kumtia kila mmoja mahali pake. Nikafunga kamba kwa fundo lake, ambalo alinifundisha nikiwa na miaka saba.

Wanne si kitu mbele ya pengo la zaidi ya mia. Nilijua hilo. Lakini sikuwa natafuta ushindi tena, wala sikutafuta hata sare. Nilitaka Jumapili moja tu baba yangu apaze sauti aseme namba isiyo sufuri. Siku nzima ya Sabato nilikaa kanisani nikimwomba Mungu anisamehe, na hapo hapo nikimwomba asiwaachie wale samaki wapenye.

Jumapili alfajiri nikafika, daftari kwapani.

"Jerusha! Andika!"

Nilifungua kalamu. "Ngapi, Baba?"

"Sufuri."

Nilisimama ndani ya maji hadi magotini. Sufuri ya wapi? Nilitaka kupiga kelele, lakini ningesemaje? Kwamba nilimwibia kwa kumpa? Nikashika mgono wangu wa kwanza kwa hasira, nikaufungua mkia, na ndani yake, kati ya ngege wawili, alikuwa amelala yule ningu. Mkia uliopasuka katikati, ule ule.

Nilifungua wa pili. Wa tatu. Walikuwa wamerudishwa wote, mmoja mmoja, kwangu.

Nilizunguka kona nikitimua maji kama ng'ombe. Baba alikuwa ameketi ukingoni, suruali imekunjwa, kando yake kuna kikapu. Nilimwinua yule ningu kwa mikono miwili.

"Huyu nilimweka kwako Ijumaa."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Pua yake imechubuka. Matete haichubui samaki." Akamtazama kwa huruma. "Mrudishe kwa maji, atakufa."

"Kwa nini ulimrudisha kwangu?"

"Kwani alikuwa wa nani?"

Nikakaa chini pale pale kwenye tope. Ndipo nikaona kilichokuwa kikapuni. Zilikuwa koo, koo kumi za matete, zimepangwa vizuri kama vikombe, na ya kwanza ilikuwa mkononi mwake akiirudisha mdomoni mwa mgono. Nilizihesabu mara mbili. Mgono usio na koo ni bomba tu. Samaki anaingia huku, anageuka, anatoka. Hakuna samaki aliyepenya kwenye matete ya baba yangu. Milango ilikuwa wazi.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu Ijumaa jioni."

"Nauliza tangu mwaka gani."

Alimaliza kuikaza ile koo kwanza. Kisha akaanza kuzungumza, na nadhani sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu nirudi.

"Mama yako alinisumbua miaka thelathini," akasema. "Kila Ijumaa akiwa jikoni. Elkana, ng'ombe amepumzika, punda amepumzika, mimi mwenyewe napumzika. Na mgono? Mbona unautuma kazi Sabato nzima, Jumapili unakula jasho yake? Mimi namjibu, mgono haina roho, mwanamke. Anacheka. Halafu ananuna. Halafu ananikaangia hao hao samaki." Akafuta pua kwa mkono. "Tulipomzika, wewe ulirudi Isebania siku ya nne. Ijumaa ikafika. Nikakaa pale uani nangoja aulize. Nilijua hayuko, mimi si mwenda wazimu. Lakini nikangoja. Jua ikaanza kushuka, na hakuna mtu aliuliza. Basi nikaenda nikatoa koo."

Mto ulikuwa ukipita mbele yetu, na ningu alikuwa akipapatika mikononi mwangu, nikamwachia.

"Baba," nikasema, "kesho tunamwambia Mochama. Yako imevua usiku tano, yangu usiku saba! Hii si kushindana, hii ni dhuluma. Akijua hawezi kuitoa migono yako."

"Hapana."

"Baba!"

"Nimesema hapana, Jerusha. Hiyo nilimpa mama yako. Mtu hawezi kutoa zawadi kwa marehemu halafu aichukue tena ashindie nayo kwa ofisi. Kama ni kutoka kwa maji, itoke."

Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana nilijua hatabadilika. Baba akikufokea una nafasi. Akikuambia polepole, yamekwisha.

Jumatatu tulikutana kwenye banda la mabati ambamo samaki hupimwa. Wenye mitego wa ukanda wetu walikuwa wamejaa, wengine wakichungulia kutoka nje. Baba alikaa kwenye gogo karibu na mlango, kofia magotini. Tulikuwa tumeopoa mara ya mwisho alfajiri ile, maana tulikuwa tumeanza Jumanne na Jumatatu ya sita ilikuwa bado. Mochama alijumlisha safu zake, akajumlisha tena, akasimama. Niliona hana raha, maana alikuwa amempenda mzee.

"Waya ni samaki mia nne na kumi na mbili," akasema. "Matete ni mia mbili tisini na nne. Mzee, pole sana. Kazi yako ni safi, lakini hesabu ndiyo hiyo."

Baba akavaa kofia yake. Alianza kuinuka, mkono mmoja umeshika nguzo ya mlango. Nikajua akishatoka mlangoni pale atakwenda moja kwa moja kulala, na kwamba hatakuwa na haraka ya kuamka.

"Futa Jumapili," nikasema.

Mochama akageuka. "Ati?"

"Futa Jumapili zote, zangu na zake. Zihesabiwe zile siku tano tu, hizo wewe mwenyewe ulikuwa nasi."

"Mama, wewe ndiye utapoteza. Mzee Jumapili hana kitu. Wewe una..." Akapitisha kidole. "Una mia moja ishirini na sita."

"Najua. Niliandika mimi." Sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza, nikaipandisha ili isivunjike. "Sisi ni watu wa Sabato, Mochama. Ijumaa jioni nilienda kuimba, nikaacha migono yangu ikifanya kazi, na Jumapili nikabeba samaki kama halali. Hakuna mtu alinilazimisha. Sasa nimefikiri, na hizo sizitaki. Hata moja. Futa."

Lilikuwa kweli, kila neno, na halikuigusa siri ya baba hata kidogo. Watu walinong'ona. Mzee mmoja wa kanisa letu akasema amina. Mochama alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama baba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni ametugeuzia mgongo, na nadhani alihisi kuna jambo asiloambiwa. Lakini alikuwa kijana mwenye adabu. Alitoa kalamu nyekundu akapiga mstari Jumapili ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Akatoa hesabu midomo ikimchezacheza.

"Waya, mia mbili themanini na sita," akasema polepole. "Matete, mia mbili tisini na nne." Akaisoma tena kimoyomoyo. "Basi matete imeshinda. Mzee, migono yako inabaki."

Banda likalipuka kwa kelele. Watu walimpiga baba mabega, mmoja akamwagiza migono sita hapo hapo, mwingine minne. Baba aliitikia, akasema atasuka, atasuka, wangoje matete yakauke. Hakunitazama. Mimi nilikwenda kando nikakusanya koleo zangu, ambazo sikuwa na sababu yoyote ya kuja nazo.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mtoni, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika mahali njia inapopanuka alipunguza mwendo hadi nikawa sambamba naye.

"Hukumwambia," akasema.

"Ulinikataza."

"Tangu lini unasikia ukikatazwa?" Tukatembea kidogo. "Mama yako angekuchapa kwa ile ya Ijumaa. Kudanganya siku ya matayarisho ya Sabato!"

"Angenichapa, najua." Maneno hayo nilikuwa nayo tangu jana na sikuweza tena kuyabeba. "Baba, nilikaa siku nne tu nikaondoka. Nilikuacha peke yako na Ijumaa zote hizo."

Nilidhani atasema si kitu, kwamba nilikuwa mke wa mtu, kwamba safari ni safari. Baba yangu si mtu wa kumpaka mtu mafuta.

"Ndiyo," akasema. "Uliniacha. Niliumia sana."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe ile siku umeshuka na roli ya waya begani. Hukuuliza, ndiyo sikusema." Akanishika mkono juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akinivusha mto nikiwa mtoto, na hakuuachia. "Hizo koo zako umezikaza sana, nyara. Kabla Mochama hajakuja kutoa migono yako bado kuna Ijumaa moja, na migono yako ipumzike kama yangu. Tutoke saa saba. Kukata koo za waya kwa migono kumi, kila mmoja midomo miwili, hiyo si kazi ya mtu mmoja."

Nikalia njia nzima mpaka nyumbani, na sikuuficha uso.